Makumbusho ya Ufa wa Nojima, Awaji: nimekwenda na jicho la fundi

Mpwa wangu anayesoma Kobe alinisumbua wiki nzima: "Mjomba, wewe ni fundi mwashi, huondoki Japani bila kufika kisiwa cha Awaji." Tukapanda basi. Juu ya daraja la Akashi Kaikyo akaanza somo: tetemeko la ardhi lililopiga Kobe na Awaji Januari 17, 1995 liliikuta minara ya daraja imeshasimama, ikaachana kwa karibu mita moja zaidi. Wahandisi wakarekebisha michoro, kazi ikaendelea, daraja likafunguliwa 1998.

Makumbusho ni jengo refu lililofunika mita 140 za ufa wenyewe, yaani mpasuko wa ardhi uliosogea siku ile ya tetemeko. Nilitegemea kuona shimo la kutisha, kumbe ni kama tuta la shamba. Ila tazama mfereji wa maji: unakuja umenyooka, ukifika kwenye ufa unakatika, na kipande cha pili kiko kando, hakitazamani tena na mwenzake. Nilichuchumaa nikafumba jicho moja kama ninayepima mstari wa tofali. Michoro ya mabamba ya dunia yanayosukumana ipo ukutani, lakini mfereji ndio ulionielewesha. Ardhi haikufunguka kinywa. Pande mbili zilipishana.

Kisha ile nyumba. Hapo nilikaa kuliko kote. Ufa umepita ubavuni mwake, ukuta wa uzio umehama, nyumba yenyewe imesimama juu ya msingi wake wa zege. Jikoni vyombo vimetapakaa sakafuni kama walivyovikuta asubuhi ile. Wateja wangu wakibanwa na fedha, kitu cha kwanza kupunguza ni nondo za msingi, maana hazionekani. Nimepiga picha kumi na mbili. Atakayeniambia tena "fundi, punguza nondo" nitamfungulia simu.

Waliokufa ni 6,434. Ilikuwa saa 11:46 alfajiri, watu wamelala, na wengi walibanwa na nyumba za mbao za zamani zenye mapaa mazito ya vigae. Mwaka huohuo Japani ikatunga sheria ya kuhimiza nyumba za zamani ziimarishwe.

Mpwa alinisimulia pia habari ya Hokudan, eneo lenyewe tulilokuwa. Zimamoto wa kujitolea walikuwa majirani, wanajua bibi fulani hulala chumba kipi, kwa hiyo walichimba palepale bila kubahatisha. Hadi jioni hakuna aliyekuwa hajulikani alipo. Kifaa gani kingewapa habari hiyo?

Chumba cha mtetemo msikiruke. Unakaa kwenye kiti, unaambiwa shika. Nilijua linakuja, na bado niliung'ang'ania mkono wa mpwa wangu kama mtoto anayechomwa sindano. Alicheka hadi nje.

Tengeni saa mbili, msiende mbiombio. Mpwa alipokwenda kutafuta vitunguu vya Awaji, vinavyosifika nchi nzima, mimi nilirudi kwenye uzio kupima ulivyohama: viatu vyangu vinne, na kidogo juu.