Marantz CD-63 ya Mzee: Ninunue Vifaa vya Kuiboresha au Niache?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni mezani kwangu. Hizi mnazoziona hapa ni Marantz CD-63 mbili, pleya za CD za miaka ya 90. Ya kushoto ni ya mzee wangu, imekaa sebuleni kwetu tangu nikiwa mdogo. Ya kulia niliipata mtumba Kariakoo, na hiyo ndiyo niliyoifanyia majaribio. Nimezifungua vifuniko zote mbili ili tuone pamoja.

Maswali yenu yananifikia kila siku. "Kaka, ile saa mpya ninunue?" "Opampu nibadilishe?" "Kapasita za bei mbaya zina faida?" Saa hapa ni kifaa kinachopiga mapigo ndani ya pleya, opampu ni chipu ndogo za kukuza mawimbi ya sauti, na kapasita ni vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme. Wengine mmeshalipia na mzigo uko njiani. Hizo ni hela mlizozitolea jasho, kwa hiyo leo sitaenda haraka.

Mashine hii ina historia yake katika mambo ya kuboresha. Marantz wenyewe waliitoa ya kawaida, kisha toleo maalumu la SE, kisha KI Signature yenye herufi za jina la Ken Ishiwata, yule bwana wa Marantz aliyefariki mwaka 2019. KI ilikuja na bodi la chuma lililopakwa shaba na transfoma ya mviringo. Watu wakasema, kama kiwanda kimeweza, kwa nini mimi nishindwe? Tangu hapo vifaa vya kuibadilisha vinauzwa dunia nzima.

Cha kwanza kununua mimi kilikuwa saa. Nieleze kidogo. CD ina namba 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa spika, kila namba ina biti 16. Ndivyo Philips na Sony walivyokubaliana, na mashine za kwanza zikaingia sokoni mwaka 1982. Hizo namba lazima zitoke kwa mapigo yaliyo sawa, na anayepiga mapigo ni kristali ndogo, hii hapa inayong'aa. Wauzaji wanasema kristali ya kiwandani inayumba, mapigo yanawahi na kuchelewa, na sauti inachafuka. Kuyumba kupo, ni kweli. Ila angalia kiasi chake. Mwaka 1998 watafiti wawili, Benjamin na Gannon, walipima ni kuyumba kiasi gani sikio linakigundua. Kwenye muziki ilihitajika makumi ya nanosekunde na zaidi. Pleya nyingi za kawaida zikipimwa, zinayumba chini ya nanosekunde moja.

Hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule nililipa, fundi akaifunga, na akaniambia amerekebisha na vijidude viwili vitatu kwenye njia ya sauti. Nikaweka CD ya taarab, na wallahi nilisikia tofauti. Fidla ikaja mbele, kinanda cha kanuni kikachanua. Nikamwita mama aje asikilize, naye akasema ni nzuri. Wiki nzima nilikuwa na furaha.

Kisha nikachukua mita. Nikaweka diski ya majaribio yenye mlio wa hezi 1,000, nikapima zinapotokea waya za RCA, zile za kupeleka sauti kwenye amplifaya. Ya mzee ilitoa volti 2.0. Ile iliyoboreshwa, volti 2.2. Yaani desibeli 0.8 hivi za ziada. Ndugu zangu, tofauti hiyo hutaisikia kama kelele kuongezeka. Sikio linaitafsiri kuwa usafi, kuwa uhai. Nikasawazisha sauti za mashine zote mbili, nikampa mdogo wangu swichi, mimi nikageukia ukutani. Akabadilisha mara 16. Nikapatia 9. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi. Iliniuma, kwa sababu nilichofurahia wiki nzima ningekipata kwa kuongeza kitufe cha amplifaya kidogo tu.

Opampu nitazipitia upesi. Mashine nyingi za enzi hizo zina chipu kama NE5532 au NJM2114, na kuna watu wanaziita takataka. Jamani, 5532 imejaa kwenye mikisa za studio. Huo muziki unaoupenda huenda umeshapita kwenye makumi ya chipu hizo kabla haujafika kwenye diski. Kuondoa mbili za mwisho kutakusaidia nini? Tena opampu yenye kasi kubwa, ukiichomeka kwenye bodi ambayo haikuundwa kwa ajili yake, inaweza kuanza kutetema yenyewe na kupata moto.

Kapasita ni habari nyingine, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nitawaambia mtoe hela. Hizi za mkebe, zenye maji ndani, zinakauka. Joto ndilo adui: kila nyuzi 10 zinazopungua, umri wake huongezeka karibu maradufu, na zikizidi, umri unakatika nusu. Sasa fikiria pleya iliyokaa miaka 25 juu ya amplifaya, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Zile za sehemu ya umeme badilisha, weka za kawaida zenye ubora, za nyuzi 105, volti na uwezo uleule. Huko ni kutibu. Wengi wanaofunga kapasita za gharama wakasikia mabadiliko, walichosikia ni mashine iliyopona.

Vivyo hivyo lenzi. Ya mzee ilikuwa inazunguka muda mrefu bila kusoma, na ikisoma inaruka. CD ina ufundi wa kujisahihisha; inaweza kufidia sehemu iliyoharibika yenye urefu wa karibu milimita 2.5 kwenye njia ya diski, namba zikarudi kama zilivyokuwa. Ila lazima jicho la leza lione. Nilisafisha kwa kijiti cha pamba na spiriti safi ya isopropili, taratibu bila kukandamiza, waya wa umeme ukiwa nje. Haikutosha, leza ilikuwa imechoka. Mashine hii inatumia leza aina ya CDM12, na mbadala wake bado unauzwa. Nimeufunga, inasoma hata zile diski za rumba zenye mikwaruzo ambazo mama alishazitoa sadaka. Msiangalie leza ikiwa inawaka. Mwanga wake jicho haliuoni vizuri, lakini unadhuru.

Ukitaka kweli kubadilisha sauti ya ndani, nyuma kuna tundu la koaksio, linalotoa zile namba za diski. Nunua DAC ya nje, kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti, chomeka, sikiliza. Usipoipenda unaichomoa na kuiuza, na pleya inabaki nzima. Siku leza ikifa kabisa, DAC unaihamishia kwenye simu au kompyuta. Bodi iliyochimbwa na kulehemiwa mara tatu hakuna anayeinunua.

Na nyie mnaonunua mitumba iliyotoka Japani, geuzeni mashine msome kibandiko kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100V, ukutani kwetu ni 230, transfoma inaweza kuungua. Tafuta kishusha umeme kwanza.

Kwa hiyo ya mzee imepata leza mpya na kapasita za umeme, basi. Ile saa nimeitoa, iko kwenye boksi lake. Fedha niliyotenga kwa opampu nimenunulia diski sita za taarab kwa mzee mmoja anayefunga duka lake, na leo usiku baba anakuja kuzisikiliza.