New Orleans naipenda, ila ile ziara ya miguu walituuzia mizimu

Yaani hii hasira nimekaa nayo muda mrefu, ngoja niitoe. Mwaka jana, kama sio mwaka juzi mwishoni, mimi na binamu yangu anayeishi Houston tuliendesha hadi New Orleans, tukakata tiketi ya ziara ya miguu French Quarter, mtaa mkongwe wa mji, tangazo lao linasema historia ya mji mkongwe na picha ya Congo Square, uwanja wa zamani wa ngoma za watumwa, wameibandika juu kabisa. Kampuni siitaji.

Mtembezaji mwenyewe kavaa koti jeusi kwenye lile joto. Kila kona mizimu, vampaya, sijui bibi gani alionekana dirishani usiku wa manane. Roshani za chuma tumezipita mbio, anasema tu "Wafaransa hawa", wakati mtaa uliungua 1788 ukaungua tena 1794 na nyumba nyingi zikajengwa upya Wahispania ndio wanatawala. Hilo nilimeza.

Kilichonichefua ni Royal Street, kwenye nyumba ya yule mama LaLaurie, tajiri aliyemiliki watumwa. Mwaka 1834 moto ulizuka pale, watu walioenda kusaidia wakakuta watumwa wamefungwa minyororo, wameteswa vibaya. Sasa huyu bwana anaisimulia kwa sauti ya kutishia watoto, watu wanacheka, wanapiga selfi, wengine na vikombe vyao vya pombe mkononi maana kule kunywa barabarani ruksa. Watu waliteswa kweli jamani, we unawafanya mashetani ya kuchangamshia wageni?

Nikauliza kwa adabu kabisa, samahani kaka, Congo Square tunafika saa ngapi? Hata hakunitazama. Eti pale ni bustani tu, hamna cha kuona, unataka miti nenda mwenyewe. Kundi zima kicheko. Binamu akanishika mkono maana ananijua.

Hamna cha kuona! Unavuka tu barabara ya Rampart umefika, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Ndipo watumwa walipokuwa wanakutana Jumapili kupiga ngoma, kucheza na kuuza vitu vyao, na 1817 serikali ya mji ikaamuru mikusanyiko hiyo ifanyike sehemu moja tu, ikawa pale. Muziki wote ule wa jazi unaoutangaza mji, hii ndio mizizi yake, halafu mtu analipwa kuonyesha historia anaruka.

Tukawaacha hapo hapo tukaenda wenyewe. Jamaa walikuwa wanapiga ngoma chini ya miti, hakuna tiketi, mzee mmoja akatusogezea viti, akauliza tumetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akafurahi kama tumepotezana. Ndiye aliyetuelekeza Tremé, mtaa wa watu weusi hapo jirani, na barabara ya Claiborne ambako zamani kulikuwa na mistari ya mialoni na maduka ya watu weusi mpaka miaka ya 60 serikali ikakata miti ikapitisha barabara kuu ya juu. Nguzo za zege zile watu wamezichora picha za mialoni. Nilisimama pale nikakosa la kusema, mimi ambaye sinyamazi.

Mengine safi tu. Tramu ya St. Charles nauli haifiki dola 2 unaangalia majumba ya Garden District mpaka uchoke, beignet ni maandazi yaliyozidiwa sukari, na Jumatatu wanapika maharage mekundu na wali, hapo nilijisikia nyumbani kabisa.

Kwa hiyo mji nyota tano, nendeni. Ziara nilitaka niwape sifuri, halafu nikafikiri labda yule kijana kaandikiwa tu cha kusema na bosi wake, basi mbili. Ila nimekumbuka wakati tunaondoka alitukimbilia na kofia kudai tipu. Moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubali kubonyezeka.