Byuro ya mjini Dodoma, karibu na Nyerere Square: reti iko poa ila dola ndogo wanakupiga

Jina silitaji maana sitaki kesi na mtu, ila wanaobadilishaga hela mjini wataijua. Reti yao ni nzuri kuliko benki nilizoulizia, foleni hamna, risiti ya mashine unapewa bila kuomba, wao wanataka tu NIDA au pasi na namba ya simu. Dada wa kaunta hana maringo, anapitisha kwenye mashine mbele yako halafu anarudia kwa mkono.

Shida ni noti. Ukija na mia mia safi unapata bei ya ubaoni, ukija na ishirini ishirini au kumi kumi bei inashuka, zile za zamani za kichwa kidogo (picha ya mtu kwenye noti ni ndogo) hawagusi kabisa, na hata yenye kaalama ka peni pembeni unarudishiwa. Ubaoni hawajaandika hayo, unayajua ukishafika dirishani. Mi dada angu yuko Texas, kasikia tangu 1 Januari 2026 ukituma hela nje toka Marekani kwa kulipa keshi kwa wakala wanakata kodi ya asilimia 1 (ukitoa kwenye akaunti ya benki au kadi ya kule hawakati, ila yeye mtu wa keshi), basi akampa mtu anakuja likizo aniletee, nusu nzima ishirini ishirini! Nilichokatwa hapo dirishani ni zaidi ya hiyo asilimia 1 ya Trump.

Ila wale wanaosema byuro wanashusha dola makusudi wanawaonea. 2022 hadi 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mpaka zaidi ya asilimia 5, wenye mitaji yao duniani wakaona bora waiweke kule, huku kwetu dola ikaadimika na bei ikapanda mpaka waagizaji wa mizigo wakawa wanazisaka kama dawa. Halafu Machi 2025 zikaja kanuni za kwetu, bei za humu ndani ni kwa shilingi, wa kuzitafuta dola wakapungua, hata mwenye nyumba wangu wa zamani Area D aliyekuwa anadai kodi kwa dola utadhani tupo New York akawa mpole. BoT (Benki Kuu ya Tanzania) nao wananunua dhahabu, ukija msimu wa mazao na watalii ndo kabisa dola zinaingia nyingi na bei inashuka. Dola iliyokaribia 2,700 katikati ya 2025, Oktoba ikawa chini ya 2,500, na wale mabosi wa posho za safari waliozifungia kabatini wakisubiri 3,000 walinuna kweli kweli hapa mjini.

Kwa hiyo bei siwalaumu, nalaumu ubao. Nyota 4, waandike bei ya noti ndogo niwape ya 5. Paking hamna, nenda na boda.