Lori la kopo, pia ya mtiki: mafundi wa vichezeo wa Ngamiani, Tanga

Lori nililolinunua Ngamiani lina urefu wa shubiri moja na nusu na magurudumu sita ya ndala, na ubavuni mwake bado linasomeka nusu ya jina la maziwa ya unga yaliyokuwa kwenye kopo lililotoa bati lake. Nililinunua kwa shilingi 7,000 kwa ajili ya mpwa wangu wa miaka sita, nikaongeza pia ya mtiki, kile kichezeo kinachozungushwa kwa kamba, kwa shilingi 1,500, mwanasesere wa vitambaa kwa shilingi 5,000 na ngalawa ndogo ya kuchezea kwa shilingi 4,000. Vitu hivyo vinne vimechezewa kwa wiki tano, vimeangushwa, vimelowa, na kimoja kimetafunwa, kwa hiyo naweza kuvisema kwa uhakika zaidi kuliko siku nilipovitoa kwenye mfuko.

Mafundi waliovitengeneza hawana kibao cha jina. Wako kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Soko la Mgandini, na njia rahisi ya kuwapata ni kufuata mlio wa nyundo. Mfua bati amepakana na fundi baiskeli, fundi baiskeli amepakana na mkereza, yaani fundi anayechonga mti ukizunguka kwenye mashine, na ng'ambo ya barabara yupo fundi cherehani pamoja na duka la magodoro ya sufi. Ujirani huo si wa bahati. Lori langu limepita mikononi mwa watatu: umbo ni kazi ya mfua bati, ekseli ni spoki za baiskeli zilizokatwa na jirani yake, na magurudumu yamekatwa na kijana anayenunua ndala mbovu kwa waokota taka. Tanga ni mji wa baiskeli, na spoki zilizopinda hazijawahi kuadimika, ndiyo maana ekseli za hapa hunyooka na kuzunguka kwa wepesi kuliko zile za waya wa kufungia mizigo nilizoziona kwingine.

Mgawanyo wa kazi wa namna hii ni wa kale katika miji ya viwanda. Birmingham ya Uingereza, katika karne ya 18, ilisifika kwa vichezeo hata mwanasiasa Edmund Burke akauita mji huo duka kuu la vichezeo la Ulaya, ingawa neno hilo wakati ule lilibeba zaidi vifungo, bizimu za viatu, visanduku vya ugoro na vikorokoro vingine vya chuma, ambavyo vilihama kutoka karakana moja hadi nyingine kabla ya kukamilika. Kilichowaangusha mafundi wa bizimu hakikuwa ubovu wa kazi yao. Watu walianza kufunga viatu kwa kamba, na mwaka 1791 watengenezaji wakaenda kumlilia Mwanamfalme wa Wales avae bizimu ili wengine wamwige, lakini haikusaidia. Mkazi wa Tanga hahitaji kufafanuliwa kisa hicho, kwa kuwa sisi nasi tuliziona kamba za plastiki zikiibwaga katani sokoni, baada ya miaka ya 1960 ambapo nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kiwanda cha mbolea cha hapa Tanga kilichoanza mwaka 1972 nacho kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vibanda ninavyovizungumzia vimerithi historia hiyo kwa maana iliyo wazi kabisa: fuawe la mfua bati ni kipande cha reli, na mota inayozungusha kerezo la jirani yake, kwa maelezo ya mwenyewe, ilitoka kwenye mashine ya kiwanda kilichouzwa vipande vipande.

Sasa lori lenyewe. Mfua bati hukata kitako na mdomo wa kopo, akaufungua mshono wa ubavuni, kisha akalilaza bati juu ya reli na kulinyoosha kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma haigusi hatua hiyo, kwa sababu hulitanua bati mahali inapopiga na kuliachia uvimbe usiotoka tena. Baada ya hapo huchora kwa msumari, hukata kwa mkasi wa bati, na ndipo inapoanza kazi ambayo mnunuzi anapaswa kuitazama kuliko rangi na madoido, yaani pindo. Fundi huacha ukingo wa karibu nusu sentimita, huukunja kwa koleo, kisha huugonga mpaka ulale. Ukingo uliokunjwa haukati mkono. Zaidi ya hapo hulipatia bati ugumu, kiasi kwamba kipande kilichokuwa kikipinda kwa kidole kimoja hubeba matofali mawili baada ya kuvikwa pindo pande zote. Nimeyapakia matofali hayo kwa mkono wangu, na mpwa wangu akaongeza la tatu.

Nilipitisha kidole kwenye kila ukingo kabla ya kulipa, na nawashauri wanunuzi wote wafanye hivyo bila haya. Chini ya kibanda cha dereva palikuwa na ncha moja iliyosahauliwa. Nilipomwonyesha mzee mfua bati, alivua miwani, akaigusa, akasema, "Hapo pamenipita, mwanangu," akachukua tupa na kuimaliza. Hakununa, wala hakunieleza kwamba watoto wa zamani walichezea makali zaidi ya hayo, jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa kulisikia.

Suala kubwa zaidi ni namna vipande vinavyoshikana. Baadhi ya malori pale yameungwa kwa risasi iliyoyeyushwa, na mengine yameungwa kwa vijino vya bati vinavyopenya kwenye matundu na kukunjwa upande wa pili. Kwa macho, ya risasi yanapendeza zaidi, kwa sababu kiungo chake ni laini na hakina matundu. Hata hivyo risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini, huku watoto wadogo wakiwa ndio wanaodhurika zaidi katika ukuaji wa ubongo. Nilimuuliza mzee kama lori nililolishika lina risasi. "Yapo ya risasi na yapo ya meno," alijibu. "Kama ni la kuweka kabatini, chukua la risasi. La mtoto ni hili la meno." Jibu hilo lilinifanya nimwamini kwa mengine yote, ila nasikitika kwamba nililazimika kuuliza, kwa kuwa malori ya aina mbili yamepangwa pamoja kwenye ubao mmoja, kwa bei moja, na mzazi asiyejua atachagua lile linalong'aa. Rangi nayo sikuihitaji. Ni mabaki ya rangi ya mafuta ya milango, hakuna anayejua kilichochanganywa ndani yake, na inabanduka. Lori lisilopakwa ni salama zaidi, na kwa maoni yangu lina sura nzuri zaidi, kwa sababu maandishi ya kopo yanabaki yakionekana kichwa chini na nyuma mbele.

Udhaifu wa lori uko kwenye magurudumu. Ndala ni laini na haina kelele, lakini tundu la katikati hupanuka, na kufikia wiki ya tatu gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa likiyumba kama mlevi. Mkereza aliye kibanda cha pili anaweza kutengeneza magurudumu ya mti yenye tundu lisilopanuka, na sielewi kwa nini yeye na mfua bati, waliotenganishwa na kibanda kimoja tu, hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Huenda ni bei. Gurudumu la ndala linapatikana kwa shilingi mia chache tu.

Ile pia ya mtiki ndiyo kitu bora kuliko vyote nilivyonunua. Imetoka kwenye vipande vya mtiki vinavyobaki viwanda vya mbao vikishapasua magogo, na mitiki mkoani kwetu si haba, kwa kuwa shamba la Longuza lililoko Muheza limepandwa mti huo kwa wingi. Mkereza hukifunga kipande kwenye mashine, hukichonga kwa patasi ndefu mpaka kifanane na kitunguu, hukisugua kwa msasa kikiwa bado kinazunguka, halafu hukimalizia kwa nta ya mshumaa ambayo joto la msuguano huiyeyusha na kuipenyeza ndani ya mti. Hakuna rangi. Msumari hupigwa mwisho kabisa, na hapo ndipo pia nyingi huharibika, kwa sababu msumari ukienda kando hata kwa unene wa uzi, pia huruka ruka badala ya kusimama. Yangu ilijaribiwa mbele yangu kwenye kifuniko cha ndoo. Ilitulia hata mistari ya mti ikapotea ikawa rangi moja, na nilihesabu hadi 70 kabla haijaanza kuinama. Kamba yake ni katani iliyosokotwa, iliyo kavu na yenye kushika vizuri kuliko uzi wa nailoni, ambao huteleza. Kwa shilingi 1,500 sijui kichezeo kingine mjini hapa kinachokupa ufundi kiasi hicho.

Juu ya mwanasesere sina mengi mazuri. Mwili umeshonwa kwa mabaki ya kanga, umejazwa sufi, na mshono ni imara; fundi cherehani anajua kazi yake. Tatizo ni nywele. Zimetengenezwa kwa singa fupi za mkonge zisizofaa kusokotwa kamba, wazo ambalo kwa Tanga ni la kupendeza sana, kwani mmea huo wenyewe uliingia pwani hii mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyofika hai kati ya 1,000 aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf. Lakini singa zimeshikiliwa kwa mshono mmoja tu wa juu juu, na ndani ya siku nne nyumba yangu ilikuwa imejaa nywele. Singa ya mkonge ni ngumu, inachoma, na mtoto mchanga akiitia mdomoni itamsumbua. Macho ni vifungo vya shati, ambavyo navyo vikikatika ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nimevikata, nikamchora macho kwa uzi. Anaonekana kama mtu aliyesinzia, lakini mpwa wangu mdogo, ambaye ndiye aliyemtafuna, ameridhika naye.

Ngalawa niliijaribu Raskazone, maji yakiwa yametulia na upepo mwepesi wa asubuhi. Chombo kimechongwa kwa mti mwepesi, mirengu, yaani mihimili ya pembeni inayokizuia kisipinduke, ni miwili kama inavyostahili, na tanga limekatwa kwenye kiroba cha unga na kufungwa kwenye foromali kwa fundo halisi la baharia. Ilipinduka mara tatu. Tulipoipima kwa kijiti tuligundua kwamba mrengu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili, hivyo chombo kilikuwa kimeinama kabla upepo haujakigusa. Mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu karibu yetu aliitazama, akacheka, akauomba uzi wetu, akaufungua mrengu mrefu na kuusogeza. Ikaenda. Kwa hiyo ngalawa yenyewe si mbaya, lakini aliyeichonga aliimalizia kwa haraka, na nilipaswa kuipima palepale kibandani, kwa kamba, kutoka katikati ya chombo hadi ncha ya kila upande.

Huduma ina sura mbili. Ukinunua kilichoko ubaoni, utahudumiwa kwa adabu ya Kitanga ambayo haina haraka: utaamkiwa, utaulizwa habari za nyumbani, utakaribishwa kwenye benchi, na bei utakayotajiwa haipandi kwa sababu umevaa viatu vizuri. Ukiagiza kitu, jiandae kusubiri. Niliagiza basi la bati lenye mlango unaofunguka, nikaahidiwa Ijumaa, na Ijumaa nikaahidiwa Jumatano, na mpaka naandika haya basi lina sakafu na upande mmoja. Sababu ni kwamba vichezeo si kazi kuu ya mzee huyu. Anaishi kwa vyetezo, vibatari, mikebe ya kupimia karanga na makarai, na mteja wa chetezo kimoja cha udi akifika, basi langu linawekwa chini ya meza. Sina haki ya kulalamika sana, kwani chetezo kinamlipa zaidi na kinauzika mwaka mzima. Ningependa tu aseme "wiki mbili" pale anaposema "kesho".

Gari la plastiki la betri, la ukubwa uleule, niliulizia dukani siku hiyohiyo nikaambiwa shilingi 12,000. Linawaka taa na kupiga honi, na watoto wa jirani wanalo. Lao lilivunjika ekseli wiki ya pili na hakuna mahali pa kulipeleka. Lori langu nililirudisha Ngamiani kwa ajili ya lile gurudumu linaloyumba. Kijana wa ndala alilibadilisha nikiwa nimesimama, kwa shilingi 300, na mzee akalipitishia koleo pindo lililokuwa limeanza kufunguka nyuma. Nilipomuuliza gharama yake alikataa pesa, akasema niendapo tena kuulizia basi nimpelekee makopo mawili ya maziwa ya unga, makubwa, yasiwe na kutu. Moja nimeshalisafisha na kulikausha; la pili bado tunalinywa.