Stashahada ya uuguzi au ya utabibu?

Kwa mhitimu wa kidato cha nne nchini Tanzania, njia zote mbili huchukua miaka 3 na huhitaji ufaulu katika biolojia, kemia na fizikia, hivyo kwa muda hazipishani. Kinachozitenganisha ni kazi yenyewe: tabibu wa zahanati humsikiliza mgonjwa, hutambua ugonjwa na kuandika dawa, mara nyingi bila daktari wa kumuuliza, ilhali muuguzi hukesha wodini akihesabu matone ya dripu na, kwa kuwa amesomea pia ukunga, huzalisha akina mama, kazi ambayo kwa maoni yangu haithaminiwi inavyostahili. Aliye tayari kubeba uzito wa uamuzi peke yake atafaa zaidi katika utabibu. Mwenye subira ya kuuguza asiuone uuguzi kuwa chaguo la pili.