Nilitaka kadi ya picha, nikanunua prosesa: uzoefu wangu na Ryzen 5 5600

Kompyuta yangu ya gemu ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 2600, ubao mama wa B450, kijiti kimoja cha RAM cha GB 16 na kadi ya picha ya RX 6600. Skrini ni ya 144Hz, yaani inaweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde, pikseli 1920 kwa 1080. Ukiisikia hivyo unaona haina shida. Lakini ingia Counter-Strike 2 (CS2), gemu ya kurushiana risasi, kata kona, moshi umetanda na watu watatu wanarushiana risasi: picha inaganda kidogo tu, kama kupepesa jicho. Ikiachia, umeshakufa.

Hela niliyokuwa nimeiweka ilitosha kitu kimoja. Kila niliyemuuliza akaniambia nichukue kadi, gemu ni kadi bwana. Nami nilishaichagua kabisa, hata nimepima kwa rula kama itaingia kwenye kasha.

Kilichoniokoa ni jaribio la dakika kumi. Niliweka programu ya MSI Afterburner inionyeshe pembeni mwa skrini kadi inafanya kazi kiasi gani na fremu, yaani picha zinazochorwa, ni ngapi kwa sekunde. Kadi ikiwa ndiyo iliyolemewa, utaikuta imegota asilimia 97 hadi 99 muda wote. Yangu ilikuwa inazurura kwenye 60, mara 55, mara 48. Nikashusha picha hadi 1280 kwa 720 nione. Kadi ikazidi kupumzika, fremu hazikuongezeka hata tano. Yaani kadi imekaa inasubiri kuletewa kazi, na anayepaswa kuileta ni prosesa.

Hapa kuna mtego ambao nusura uninase. Matumizi ya prosesa yalikuwa yanasoma asilimia 50 hivi, mtu unasema mbona ina nafasi tele. Lakini 2600 ina viini 6 vya kufanyia kazi na nyuzi 12, yaani njia mbili za kazi kwa kila kiini, na gemu nyingi huelemea nyuzi chache tu. Nilipofungua kila uzi peke yake, mmoja ulikuwa umejaa pomoni na wenzake wanapunga upepo. Ule wastani hauna maana yoyote kwa mcheza gemu.

Kabla sijatoa hela nikaingia BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao mama, na huko niliona aibu. RAM yangu imeandikwa kasi ya 3200 kwenye kibandiko, kumbe tangu siku ya kwanza ilikuwa inakimbia 2400. Ubao mama huiendesha kwa kasi ya tahadhari mpaka wewe mwenyewe uwashe XMP, mpangilio wa kuifikisha kasi ya kibandiko, na mimi sikuwahi kuiwasha. Nikaiwasha, kompyuta ikagoma: inawaka, inazima, inawaka tena. Nikashusha hadi 2933, kasi ya juu ambayo AMD, watengenezaji wa Ryzen, wenyewe wanaitaja kwa prosesa ile, ikatulia.

Halafu hicho kijiti kimoja. RAM ya kijiti kimoja inapita njia moja, ya viwili inapita njia mbili, na prosesa za Ryzen zinaijali sana tofauti hiyo. Rafiki yangu alikuwa na viwili vya GB 8 naye anataka kubakiza nafasi aje kuongeza baadaye, tukabadilishana. Nikavichomeka kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kama kijitabu cha ubao kinavyoelekeza. Mpaka hapo sijatumia hata senti, na kule kuganda kumepungua karibu nusu kwa jinsi nilivyokuwa nauhisi mchezo.

Kilichobaki kilikuwa cha prosesa yenyewe. Roho ilitaka prosesa ya 5800X3D yenye MB 96 za kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, ila mfuko ulikataa, na isingekubali feni ndogo niliyo nayo. Nikachukua 5600. Nayo ni viini 6 na nyuzi 12 kama ile ya zamani, kwa hiyo kwenye karatasi unaweza kudhani umeibiwa. Tofauti iko ndani: 2600 ina kashe ya MB 16 iliyogawanywa mafungu mawili, 5600 ina MB 32 ambazo viini vyote vinachangia. Umeme ni wati 65 zilezile, hivyo pawa saplai sikuigusa.

Sasisha BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani; ukitanguliza mpya kwenye B450 ya zamani unaweza kukaa unatazama skrini nyeusi. Hilo nililijua. Nisilolijua ni la feni. Nilifungua skrubu nne, nikaivuta juu kwa nguvu, ikaja na prosesa imeng'ang'ania chini yake, imechomoka kwenye soketi wakati kile kiwiko cha kuibana bado kimefungwa. Ile krimu ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa gundi. Pini mbili zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha ya wembe, huku nimeacha kupumua. Kumbe ilikuwa nicheze gemu nusu saa krimu ipate moto, nizime, kisha niizungushe feni kushoto na kulia mpaka iachie yenyewe.

Matokeo? CS2 ilikuwa fremu 110 hivi, sasa inatembea kwenye 190. Hiyo namba kubwa wala sina haja nayo sana kwa skrini ya 144. Ninachofurahia ni kwamba kwenye moshi haishuki tena hadi 45. RAM nayo imekubali 3200 mara ya kwanza.

Ila Cyberpunk 2077 haikubadilika kitu cha kusimulia. Kule kadi ilikuwa asilimia 98 hata kabla, na bado iko palepale. Kama hiyo ndiyo gemu yako ya kila siku, basi waliosema kadi walikuwa sahihi kwako na prosesa ungeinunua bure. Na anayekushauri SSD, ile diski ya kasi, ili upate fremu mwache aende zake. Nilikuwa nayo tayari, inafupisha kusubiri ramani ifunguke, basi.

Kero ni feni iliyokuja nayo ndani ya boksi. Prosesa ikifika nyuzijoto 75 feni inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki chumba cha pili. Nimeenda BIOS nikailegeza isikurupuke, imepungua kiasi. Naipa nne kati ya tano, hiyo moja ameila feni.