Geji ya presha ya petroli ya shilingi 3,800 kwenye Subaru WRX kuukuu: uzoefu wangu

Geji hii ninayo mwezi wa nne sasa. Imeshalowa petroli na imeshaangushwa sakafuni mara mbili, kwa hiyo nayaandika haya si kama mtu aliyefungua kisanduku jana. Ni ile seti inayouzwa ndani ya kisanduku chekundu cha plastiki: geji yenye mshale wa kusoma kutoka 0 hadi 140 psi (paundi za presha kwa inchi mraba), mpira wa kama mita moja, kitufe cha kumwagia presha, na rundo la viungio vya shaba ambavyo vingine mpaka leo sijajua ni vya gari gani. Niliipata duka la spea Barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa. Muuzaji alianza na 5,500. Nilijifanya naondoka, akaniita nikiwa nimeshafika kwenye ngazi, tukamalizana kwa 3,800.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 1998, ile GC8 ya milango minne yenye injini ya EJ20 na turbo. Lilishuka bandari ya Kilindini likiwa na miaka mitano, na mimi ni wa tatu kulimiliki. Leo ukitaka la 1998 kutoka Japani huwezi, kwa sababu lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo tulionayo tunayalea kama mayai. Waliokuwa watoto 1997, mwaka aliposhinda Colin McRae Safari Rally na Impreza, wataelewa kwa nini mtu mzima mwenye ada za shule anahangaika na gari kama hili.

Shida ilianza mlimani. Mjini halikuwa na neno: Tudor mpaka Nyali, foleni ya darajani, jua la saa saba, linanguruma vizuri tu. Lakini nikishika barabara ya Nairobi, nikipita Miritini na kuanza kupanda kuelekea Mazeras, nikitaka kulipita trela nikakanyaga mafuta, turbo ikiingia tu na mizunguko ikifika kama 4,000, injini inakohoa na nguvu zinakatika. Ni kama mtu amelishika gari mkia. Ukiachia pedeli, linatulia kana kwamba halikufanya kitu.

Gereji ya kwanza (sitaitaja, tumeshaachana) walibadilisha plagi zote nne, wakaweka sensa ya hewa ya mitumba kutoka Nairobi, nikalipa shilingi 27,500. Nikarudi Mazeras, kikohozi kile kile. Waliponiona tena wakasema turbo imekufa. Nikauliza wamejuaje. Jibu: "Sauti yake tu."

Hapo nikaingiwa na hofu, na si ya pesa pekee. Turbo ikisukuma hewa nyingi na petroli isifike ya kutosha, joto ndani ya silinda linapanda, injini inaanza kugonga, na EJ20 ina sifa mbaya ya kupasuka pistoni pale zinapokaa ringi. Ukisikia kugonga huko mara mbili tatu, ujue unachezea injini nzima. Nikaacha kukanyaga. Wiki mbili niliendesha kama nimebeba nyanya.

Jamaa mmoja akanielekeza kwa fundi mzee Shimanzi, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kutoa kichwa chini ya boneti ya Probox.

"Mzee, wameniambia ni turbo."

"Wamepima nini?"

"Hawajapima kitu."

"Basi wamekwambia ndoto, mwanangu. Leta geji ya presha ya petroli. Yangu ilikwenda na mtu wa Changamwe, mwaka wa pili huu."

Akaniambia nitafute yenye kitufe cha kumwagia presha na kiungio cha T cha mpira wa milimita 8. Ndivyo nilivyoingia kwenye biashara hii.

Kabla ya kuifunga, alinituma kwa kijana wa matairi jirani. Tukaitia upepo wa kompresa: geji yake ilisema 40, yangu 41. Hilo nalisifu. Geji ya bei hii kupotea paundi moja ni jambo la kushukuru, na ukinunua yako fanya hivyo kwanza, kwa sababu mshale unaodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na geji.

Kufunga kwenyewe kunataka adabu. Petroli ya injini ya injekta (vile vinavyoinyunyizia injini petroli) inakaa na presha hata gari likiwa limezimwa. Fundi alichomoa plagi ya umeme ya pampu, akawasha injini ikanywa kilichobaki mpaka ikazima yenyewe, ndipo akalegeza mpira unaotoka kwenye filta. Hata hivyo yalitoka ya kujaza kifuniko cha chupa. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa miguuni, na mwenye sigara aliombwa akavutie kwingine. Akakata, akaingiza T, akafunga klipu. Kufungua ufunguo bila kuwasha, pampu ikavuma kama sekunde mbili, mshale ukaruka, na kwenye uzi wa T kukatokea jasho la petroli. Seti haiji na tepu ya uzi. Tukazima, tukarudia na tepu, pakakauka.

Sasa namba. Gari likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, mshale ulikaa 34 ukitetemeka. Fundi akachomoa mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaoingia kwenye reguleta, kile kifaa kinachotawala presha ya petroli, mshale ukapanda mpaka 43. Hizo ni namba nzuri kwa injini hii. Paundi 43 ndiyo presha yake ya msingi. Injini ikivuta hewa, vakyumu inaipunguza. Turbo ikisukuma, reguleta inaongeza paundi kwa paundi, ili injekta izidi kutoa kiasi kile kile dhidi ya upepo unaoingia. Turbo ikitia 13, unatarajia kuona 56. Tulipozima, mshale ulishuka taratibu, baada ya dakika kumi bado ulikuwa 38, maana yake hakuna injekta inayovuja wala vali ya pampu haijachoka.

Nikadhani tumekwama, kila kitu sawa. Mzee akacheka, akaagiza kahawa tungu vikombe viwili.

"Nyumbani kwako maji yanatoka?"

"Ya tangi la juu, yanatoka."

"Jirani wa chini akifungua bomba nawe unaoga?"

Nikaelewa. Asubuhi peke yangu bafuni maji yanapiga vizuri; jirani akianza kufua, nabaki na povu kichwani. Gari likiwa limesimama, injini inakunywa kidogo mno na petroli nyingi inarudi kwenye tangi, kwa hiyo hata pampu dhaifu inaonyesha presha nzuri. Udhaifu unajitokeza injekta zikifunguka kwa muda mrefu. Huo ndio mtego, na ndio maana nasema mtu akikupimia presha gereji gari likiwa sailensa tu akakwambia "iko sawa", hajamaliza kazi.

Tukaupitisha mpira wa geji nje kwenye ukingo wa boneti, geji ikabanwa chini ya wipa mbele ya uso wangu. Usiiingize ndani ya gari kamwe. Mpira ukipasuka ukiwa umekaa humo, hapana wa kukuhadithia. Mzee alikaa kiti cha abiria akiwa na macho kwenye mshale. Kibarani, Changamwe, Miritini. Mlimani nikakanyaga. Mshale ulianza kupanda kama inavyotakiwa: 45, 48. Kisha ukasita, na huku geji ya turbo ikielekea 13, huu wa petroli ukageuka na kurudi chini: 44, 41, 39. Gari likakohoa. Nikaachia. Miezi mitatu ya maneno, na jibu likaonekana kwa sekunde nne nyuma ya kioo chenye vumbi.

Mtu mwingine angenunua pampu siku ile ile. Mimi mwenyewe nilishatoa simu kutafuta bei. Mzee akanizuia. Tuliporudi Shimanzi alibana kwa sekunde moja mpira unaorudisha petroli tangini (kwa koleo lililofungwa kitambaa, na usijaribu kama mpira wako umeanza kupasuka). Pampu isiyo na kasoro ikizibiwa njia ya kurudi hivyo, mshale unaruka juu sana. Wetu ulifika 52 ukachoka. Bado hakuridhika. Akatoa multimita.

Injini ikiwaka, betri ilisoma volti 13.9. Kwenye plagi ya pampu, 10. Pampu ya umeme ikipewa volti 10 inazunguka kivivu, na huwezi kuilaumu. Akatafuta zinapopotelea: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, 0.4 tu. Akahamia upande wa hasi: 3.5. Basi tatizo lilikuwa waya wa ethi, ule mweusi unaorudi kwenye bodi.

Tukaondoa zulia la buti. Chini yake palikuwa na unyevu na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mpira wa taa ya nyuma ulikuwa umekauka, na maji ya masika yakawa yanajipenyeza. Bolti ya ethi ilikuwa imevaa unga wa kijani na mweupe. Nilipoukwaruza kwa ukucha ulibaki kidoleni kama chumvi ya mawe. Sisi wa Pwani tunajua mabati yetu yanavyoliwa, upepo peke yake unaleta chumvi ya kutosha, lakini sijui kwa nini hatufikirii kwamba waya za gari nazo ziko kwenye upepo huo huo. Kibati cha mwisho wa waya kilikatika mkononi nilipokigusa.

Msasa, kibati kipya, bolti mpya, grisi juu yake, silikoni kuzunguka taa. Ufundi wote shilingi 1,500. Volti kwenye pampu zikawa 13.3. Tulipobana tena mpira wa kurudi, mshale ulipita 75 tukauachia kabla haujaenda mbali. Mlima wa Mazeras: turbo 13, petroli 55, mara nyingine 56, na trela la makontena likabaki nyuma hata sikumbuki rangi yake. Turbo "iliyokufa" ndiyo hiyo hiyo ninayoendesha hadi leo.

Sasa geji yenyewe, maana ndiyo niliyokuja kuipima. Klipu nne zinazokuja nayo, mbili zilipoteza meno kwenye kukazwa mara ya kwanza. Nunua zako za shilingi 50 kabla hujaanza. Mpira ni mgumu na unazidi kuwa mgumu. Kioo kinashika ukungu kwa ndani asubuhi. Kubwa zaidi, geji ya kufika 140 ina mistari iliyobanana: kutofautisha 41 na 43 huku mshale unatetemeka kunataka macho ya kijana, na kwa magari yetu ya presha ya msingi 43 ingetosha kabisa ya kufika 100. Karatasi ya maelekezo ina picha za gari lisilofanana na langu hata kwa magurudumu. Kitufe cha kumwagia presha, kinyume na nilivyotarajia, kinafanya kazi vizuri. Weka kipira chake cha plastiki kwenye chupa ya kioo, si ya plastiki laini.

Ningeinunua tena? Ndiyo, na ningeinunua kabla ya zile plagi. Nyota nne kwa usahihi, mbili kwa klipu.

Ila kwa sasa sinayo. Jirani ana Mark II inayokata moto kwenye mwinuko wa daraja la Nyali, akaiazima kwangu Jumanne, akasema ni ya jioni moja. Leo Jumapili.